Furahi Kwanza, Utalipa Baadaye

Jumatatu, 7 Oktoba

Namshukuru Mungu kwa mvua ya leo. Imechuruzisha rangi ya bango la Rosaldo!

Rosaldo ni mpiga picha wa ng'ambo ya barabara. Ana studio ya vioo, ana feni, ana pazia lenye maporomoko ya maji. Na bango lake: NUSU KWANZA, PICHA BAADAYE. Anadai kianzio kama daktari wa meno. Mtu hajakenua, keshalipa! Sasa limebaki neno NUSU peke yake. Nusu ya nini? Ya akili? Nimecheka mpaka mke wangu Remedios akauliza nimekula nini kibovu.

Bango langu mimi ni la rangi ya mafuta, haliogopi mvua. FURAHI KWANZA, UTALIPA BAADAYE. WENCES, MPIGA PICHA WA WOTE.

Na limezaa leoleo. Saa nne Doña Herlinda, muuza vitunguu wa sokoni, katoka kwa Rosaldo kanuna kama mawingu ya hapa Orizaba. Kavuka barabara bila kutazama magari. Binti yake Itzayana anatimiza miaka kumi na mitano. Sherehe Jumamosi ya tarehe kumi na tisa: misa, dansi ya walsi, mchuzi wa mole kwa watu mia mbili. Baba wa msichana yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa sita huu, hana karatasi, akivuka kuja hatavuka tena kurudi. Kwa hiyo picha ndizo macho yake. Bila picha, kwake yeye sherehe haikufanyika.

Rosaldo kataka nusu kabla hata ya kuandika tarehe. Doña Herlinda anasema kumwomba mtu mzima pesa kabla ya kazi ni kumwita mwizi mchana kweupe. Nikamwambia, Doña, kwangu mtu haitwi mwizi mpaka aibe. Akafurahi! Bei, peso elfu nne na mia tano. Hakupunguza hata senti. Mteja asiyepigania bei ni zawadi kutoka juu.

Atakayelipa ni mdhamini. Sherehe ya miaka kumi na mitano ingemuua mzazi mmoja, ndiyo maana keki ina mdhamini wake, viatu vina wake, mpaka mto wa kupigia magoti kanisani una wake. Mdhamini wa picha ni Don Abundio, fundi wa pancha pale kwenye kona. Na mdhamini haombwi kianzio, hilo hata mtoto anajua. Ukimwomba umemtukana yeye, na mama, na msichana, na padri juu. Basi sikuomba. Nimeshikana mkono na Doña Herlinda. Mkono wake unanukia vitunguu. Harufu ya uaminifu.

Remedios kauliza kianzio kiko wapi. Nikamwonyesha mkono wangu. Akaunusa. Halafu akanyoosha kidole nyuma ya mlango.

Nyuma ya mlango inaning'inia aproni. Ni ya Crescencio, kaka yake Remedios, mwenye kibanda cha kuku sokoni. Tumekubaliana hivi: mwisho wa mwezi huu nisipoweka mezani elfu nne zilizotoka kwenye kamera, naacha upiga picha, naenda kunyonyoa kuku kila siku saa kumi alfajiri. Crescencio keshatia jina langu kifuani kwa uzi mwekundu: WENCES. Namshukuru kwa kunifikiria. Ila mimi na kuku hatujawahi kuelewana.

Lakini elfu nne na mia tano si inazidi elfu nne? Nimeshaokoka!

Jumatano, 9 Oktoba

Nahitaji flashi. Sherehe itakuwa uchochoroni chini ya turubai, na kamera yangu ikiona kivuli inakuwa kipofu. Nimeona flashi nzuri ya mkono wa pili. Nimepiga bongo. Nimeangalia nyumba nzima. Macho yakaangukia blenda.

Blenda iko kwenye duka la rehani. Inapumzika. Nimemwambia Remedios nimeipeleka kunolewa visu. Akakaa kusaga pilipili na nyanya kwenye jiwe, dakika arobaini, jasho linamtoka. Nikasifu sana ladha. Kweli kachumbari ya jiwe ni nyingine! Tunapaswa kushukuru wazee wetu waliotuachia mawe. Remedios alikuwa na jiwe mkononi, sikurefusha hotuba.

Mchana akaja Mwalimu Zoraida wa shule ya msingi. Wazazi wake wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, anataka picha. Ana bahasha mkononi, imefura! Lini? Jumamosi tarehe kumi na tisa. Nikavuta pumzi. Nikamwambia siku hiyo imeshachukuliwa, nimetoa neno. Akauliza kama nimeshalipwa. Nikasema kuna vitu vikubwa kuliko kulipwa. Jikoni jiwe likasimama kusaga.

Mwalimu kavuka barabara. Baada ya muda Rosaldo katoka mlangoni, kanipungia bahasha. Nikampungia mkono. Adabu haina hasara.

Ijumaa, 11 Oktoba

Picha za kabla ya sherehe, kando ya mto. Itzayana kavaa gauni la waridi, pana kama kibanda cha trafiki. Vijana sita wa kumsindikiza, suti za kuazima. Teksi mbili, nimelipa mimi. Vijana wakaona njaa, na kijana mwenye njaa hatabasamu. Nimewanunulia aiskrimu. Mmoja kataka ya pili, ati ile ya kwanza ilikuwa ya chokoleti na moyo wake uko kwenye nazi. Nikasema gharama yote hii nitaiongeza kwenye bei. Halafu nikakumbuka bei tumeshikana mkono. Basi ni sadaka. Sadaka huongeza baraka.

Nyuma ya gauni alikuwa anatembea Doña Eduviges, mkodisha magauni, na mwavuli mkubwa. Pindo likikaribia tope anapiga yowe kama anayekanyagwa ni yeye. Anasema limelipiwa nusu tu. Kwa hiyo nusu ya mbele ni ya Itzayana, ifanye itakavyo, ila nusu ya nyuma bado ni yake, na nusu yake haikanyagi tope. Itzayana, binti mwenye mdomo, akamjibu basi bibi beba nusu yako tuone itafika wapi bila yangu.

Doña Eduviges akaniuliza mimi nimepokea kianzio kiasi gani. Nikasema nimepokea neno. Akacheka mpaka mwavuli ukamwagia kamera yangu maji yote. Akauliza neno la nani. Nikamtaja Don Abundio. Akaacha kucheka. Akanishika bega kama nimefiwa. Kumbe Don Abundio amekuwa mdhamini wa picha mtaani mara nne! Ati niende kwa hao wanne nikaombe kuona hata picha moja.

Mara nne! Mzoefu! Namshukuru Doña Eduviges kwa kunitoa wasiwasi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimelala na mpango, nimeamka nao. Kumwomba mdhamini pesa ni matusi. Lakini kumdokeza si matusi. Na kumdokeza kunataka nafasi. Nikachukua msumari nikatoboa tairi la baiskeli yangu mwenyewe. Nikaikokota mpaka kwenye kona. Mtu akiwa ameinama juu ya beseni la maji anatafuta tundu, moyo wake huwa laini.

Don Abundio hakuinama. Alinyoosha kiganja. Pesa kwanza! Ati kuna watu wakishazibiwa pancha wanapanda na kuondoka, na tairi lenye upepo halikimbizwi kwa miguu. Nikalipa. Ndipo akainama.

Nikaanza kudokeza. Nikasema kadi za kamera zimepanda bei. Akasema hata gundi. Nikasema flashi yangu ina njaa. Akasema kijana, ipe betri. Nikasema baba wa Itzayana kule kaskazini anazingoja picha kama mvua. Akatikisa kichwa kwa uchungu, machozi karibu yamtoke, akasema maisha haya bwana! Halafu akauliza yeye atatokea wapi kwenye picha. Anataka katikati, tumbo lisionekane. Na mshereheshaji alitaje jina lake lote, si kwa kifupi. Akashika spana kama kipaza sauti, akajitangaza mwenyewe mara tatu. Ana sauti nzuri kweli.

Nilipokuwa naondoka akasema, kati yetu sisi wanaume, kidogo anazifikiria fataki. Ati ubaya wa picha ni mmoja, hazilii. Nimecheka njia nzima. Mzee mcheshi sana.

Pancha imezibwa vizuri, nashukuru. Msumari ulitokea upande wa pili. Kanitoza mbili.

Alhamisi, 17 Oktoba

Pigo!

Doña Herlinda kaja na mfuko wa vitunguu. Mtu akija na zawadi kabla ya salamu, kaa chini. Nilikaa.

Don Abundio amehama. Si mdhamini wa picha tena, ni mdhamini wa fataki. Fataki zinasikika mpaka mtaa wa tatu, picha zinalala kabatini. Na fundi wa fataki hafungi hata utambi bila nusu mkononi, kwa hiyo kalipwa, na sasa Don Abundio hana hata ya kiberiti.

Nikauliza taratibu, na mimi je? Doña Herlinda akaanza kuhesabu kwa vidole. Keki imeshikwa na kianzio. Muziki umeshikwa na kianzio. Turubai, viti, gauni, fataki, mpaka padri, wote wameshika chao. Akimfuta yeyote kati yao, alichotoa kimekwenda na maji. Vidole vyote vikakunjwa. Kikabaki kimoja, kimesimama peke yake. Mimi! Kunifuta mimi hakumpotezei chochote. Akanishika mikono miwili, akasema katika watu wote wa sherehe hii mwenye roho nzuri ni mimi peke yangu. Machozi yakanilenga. Nikamshukuru.

Picha atapiga mpwa wake Yahir. Ana simu ya macho matatu. Mimi nimekaribishwa kama jirani, nile nishibe.

Remedios alisikia kila neno kutoka jikoni, maana nyumba isiyo na blenda ina utulivu mkubwa. Nilijiandaa kugombwa. Hakunigomba. Alitoa pasi, akaipiga aproni pasi. Polepole. Mpaka kamba zake. Afadhali angenipiga mimi.

Jioni Crescencio kanipitia na mabuti ya mpira. Nimejaribu, yananienea. Ati shemeji, mwisho wa mwezi wa nini, si umeshafutwa? Jumatatu saa kumi alfajiri, kuku hawana subira. Nikamwomba mpaka Jumapili. Akauliza Jumapili kuna nini. Nikasema mpango. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dari.

Lakini mpango upo! Nitakwenda kama mgeni, na kamera yangu. Wageni mia mbili, kila mmoja kavaa vizuri kuliko uwezo wake. Nawapiga wote, nasafisha picha, nawauzia. Hakuna mdhamini, hakuna kuhama. Namshukuru Doña Herlinda, asingenifuta nisingefikiri.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimelowa mpaka soksi. Naandika na taulo kichwani. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Mvua ilianza kwenye misa haikukoma. Niliketishwa karibu na choo, mahali pazuri, kila mgeni hupita hapo mara moja. Nikawa napiga. Wakitoka wamepumua, nyuso zimetulia, picha safi!

Yahir alikuwa anatembea na simu yake kama padri na msalaba. Hakunitazama. Akapanda juu ya kiti kupiga sufuria ya mole kutoka juu, ati ndivyo wanavyopiga siku hizi. Simu ikamponyoka. Jicho la kwanza, la pili, la tatu, yote yakazama kwenye mchuzi mweusi. Shangazi yake mmoja akaitoa na upawa. Ilikuwa imepikwa. Akamwambia haya, sasa itie ufuta juu tuile. Picha za kanisani zote zilikuwa humo.

Kisha fataki. Mshereheshaji akalitaja jina lote la Don Abundio kwa sauti ya kupasua mawingu. Mawingu yakapasuka kweli. Fataki zikasema fsss. Don Abundio alisimama katikati ameinua kidole juu, watu mia mbili wakakitazama kidole. Mtu mmoja nyuma akasema mzee shusha, tumeshasikia. Nikapiga.

Saa moja jioni, wakati wa walsi, maji yakaingia kwenye nyaya za wapiga muziki. Pa! Giza. Kinanda kimya, taa zote zimezima mtaa mzima. Watoto wakalia. Nikamsikia Doña Herlinda akisema kwa sauti ndogo, sasa Eligio ataona nini? Eligio ndiye mumewe.

Anayecheza walsi na Itzayana badala ya baba ni babu yake, Don Tranquilino. Babu huyo amefanya mazoezi miezi mitatu akicheza na kiti. Mtaa wote tunajua, tumekisikia kiti. Akasema gizani kwamba yeye hakuchakaza kiti cha watu bure, anayejua kuimba aimbe. Wakinamama wakaanza kuimba la-la-la. Lakini hakuna aliyeona wa kumshika.

Ndipo nikawasha flashi. Pa! Wakaonekana, babu na mjukuu, mikono inatafutana. Flashi ikavuta pumzi. Pa! Wameshikana. Watu wakapiga kelele, Wences, tena! Pa! Wamegeuka. Pa! Gauni limefunguka lote, nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Walsi nzima imechezwa hivyo, kwa mwanga wangu, hatua kwa hatua, na kila mwanga ni picha. Mwisho babu alivua kofia akamwinamia kama mfalme. Pa! Betri zikafa hapohapo.

Nililia. Nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Wakati wa kuondoka nikamkuta Rosaldo nje, kajikinga na plastiki, anatoka kwenye miaka hamsini ya wazazi wa Mwalimu. Alikuwa ameona kutoka kwenye kona. Nikangoja anicheke. Akasema Wences, hata mimi sijawahi kupiga walsi kama ile. Akasema sherehe hiyo sasa haipo popote duniani isipokuwa ndani ya kamera yako, umeshika mpini, usiachie hata picha moja bila nusu. Nikamwambia asante. Nilimaanisha. Amenipa nusu ya plastiki yake tukatembea pamoja mpaka nyumbani. Bila kianzio!

Jumapili, 20 Oktoba

Mpango wa leo: ukali. Nimesimama mbele ya kioo asubuhi, nikasema NUSU KWANZA. Kioo kikaogopa. Nikarudia na nyusi. Vizuri zaidi. Remedios akasema nyusi ziache, sema tu. Crescencio akatuma salamu kwamba mabuti yako mlangoni.

Wa kwanza kuja ni Don Tranquilino na Doña Herlinda. Babu kavaa suti ileile, bado mbichi. Nilianza vizuri. Nikasema kuhusu picha za walsi, Don Tranquilino, utaratibu wangu mpya ni... Babu akatoa leso, akaanza kufungua fundo. Fundo la kwanza. Ndani yake fundo la pili. Nikasema utaratibu wangu mpya ni kwamba hizi ni zako, babu, chukua.

Nimempa zote! Doña Herlinda akazituma kaskazini hapohapo, kwa simu ya jirani. Simu ikalia kabla hatujamaliza kahawa. Ni Eligio. Tulisikia tu mtu mzima anahema. Halafu akaomba azungumze na mimi. Akaniuliza kama baba mkwe aliukosea mguu kwenye kugeuka kwa tatu. Nikasema hapana, alipatia. Akasema ndivyo alivyoona. Akasema asante, kaka. Nami nikasema asante.

Doña Herlinda akaacha beseni la mole na bata mzinga mmoja, mzima, anatembea. Nani atamnyonyoa? Hilo sikuliuliza kwa sauti.

Sasa lililonishangaza. Nilipofungua mlango kuwasindikiza nikakuta foleni mpaka kwa fundi viatu! Wageni wa jana. Na mbele ya foleni, kwenye kigoda, kaketi Remedios. Kavaa aproni. WENCES kifuani, uzi mwekundu. Mkono mmoja umetulia kwenye mfuko wa mbele. Anasema neno moja tu: nusu. Hana nyusi, hana kioo. Nusu leo, nusu ukija kuchukua. Nikaziba masikio nisisikie matusi. Hakuna aliyetukanwa! Wanatoa, wanacheka, wanauliza lini. Mama mmoja akalalamika ati Wences bango lake linasema furahi kwanza. Remedios akamwambia dada, furahi, nani kakuzuia? Furahi huku unatoa.

Don Abundio alikuja wa mwisho, kwa kunyata. Kalipa nzima, si nusu. Picha yake ya kidole, na Remedios aape kwamba haitasafishwa ya pili.

Jioni Remedios akamimina mfuko mezani. Elfu nne na vichenji! Akavua aproni, akaikunja, akaiweka kwenye droo chini ya mashuka. Crescencio kaja, kahesabu mara mbili, kabeba mabuti yake akaondoka bila kuaga vizuri. Mimi ni mpiga picha bado! Nilimshika Remedios mkono. Nikamwambia kama si yeye ningekuwa sasa hivi nalala mapema kwa ajili ya kuku. Akasema ndiyo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na hilo siandiki kwa utani.

Nilijua tangu mwanzo kwamba wema unalipa.

Jumatano, 23 Oktoba

Blenda imerudi! Remedios kaikomboa mwenyewe, kaiwasha bila kitu ndani, kaisikiliza kama muziki. Kisha akaniambia niweke mkono juu yake niape: hakuna tarehe itakayoandikwa bila nusu. Nimeapa. Mkono ulitetemeka pamoja na mashine. Nikalifuta bango langu. Rosaldo kaniazima brashi, tena katoa na rangi. Jirani mwema sana, sijui kwa nini nilimsema vibaya.

Basi nimeketi na bango jipya, bado linakauka. Akaja Mwalimu Zoraida na bahasha. Kazipenda picha za Rosaldo lakini kasikia habari za walsi, anataka mimi nimpigie ubatizo wa mpwa wake, Jumamosi ya tarehe kumi na sita Novemba. Mkono wangu ulikuwa njiani kuelekea kwenye bahasha. Naapa.

Ndipo akaingia Doña Herlinda, nyuma yake dada yake, nyuma yao Don Tranquilino na kofia mkononi. Dada yake ana binti, Citlali, anatimiza kumi na mitano. Wamekaa kikao cha ukoo. Hata Eligio kapiga simu kutoka kaskazini kusema neno lake. Wote kwa pamoja wamemchagua mtu mmoja tu, mwenye roho nzuri, awe mdhamini.

Mdhamini wa picha. Mimi!

Jina langu kwenye kipaza sauti! Wenceslao Tepole Xocua, lote, si kwa kifupi! Fundi bomba alikuwa baba yangu, hakuna aliyewahi kumtangaza popote. Nimekubali kabla hawajamaliza kusema. Nimemkumbatia babu. Nimemkumbatia dada mtu. Sherehe lini? Jumamosi ya tarehe kumi na sita Novemba. Mwalimu Zoraida karudisha bahasha kwenye mkoba, kavuka barabara. Rosaldo hakunipungia safari hii. Kashika kichwa.

Remedios katoka jikoni. Kauliza nani anapiga picha. Nikasema mimi. Kauliza nani anamlipa mpiga picha. Nikasema mdhamini. Kauliza mdhamini ni nani. Nikamwonyesha mkono wangu. Akaunusa. Halafu akaenda kwenye droo, akainua mashuka.

Aproni imerudi nyuma ya mlango. Crescencio anakuja kesho na mabuti. Ni sawa. Asubuhi kuku, jioni sanaa, na bata mzinga wa Doña Herlinda atanifaa kwa mazoezi. Namshukuru Mungu kwa familia inayoniwazia kila upande.

Kwa kuwa nimeapa juu ya blenda, nimetaka kufuata utaratibu. Nimekaa mbele ya kioo nijiombe kianzio. Nikasita. Mdhamini haombwi kianzio, ni matusi, na huyu ni mtu ninayemheshimu. Nimejishika mkono. Tumekubaliana.